Mazoezi kwa watoto: Kinga inayosahauliwa mijini

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi wa mijini huhangaika usiku na mchana kutafuta ada, chakula na dawa kwa ajili ya watoto wao, lakini ni wachache wanaojiuliza jioni kama mtoto amekimbia siku hiyo.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, akaketi darasani hadi alasiri, akaingia twisheni, kisha akamalizia siku mbele ya runinga au simu ya mama yake, anaweza kumaliza wiki nzima bila moyo wake kudunda kwa kasi hata mara moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linaelekeza kwamba mtoto au kijana wa miaka mitano hadi 17 apate wastani wa walau dakika 60 za mazoezi kwa siku. Aidha, walau siku tatu kwa wiki ziwe na mazoezi makali zaidi, pamoja na yale yanayoimarisha misuli na mifupa.

Dakika hizo si lazima zipatikane kwa mkupuo. Kutembea kwenda shule, kucheza wakati wa mapumziko, kuchota maji na kufukuzana uani jioni, vyote huhesabiwa. Kinachotakiwa ni mtoto aheme na atoke jasho.

Kwa watoto wadogo wa mwaka mmoja hadi minne, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2019 unataka walau dakika 180 za kujongea katika siku nzima, na kwamba mtoto asifungwe kwenye kiti au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Mwenye miaka miwili hadi minne asikae mbele ya runinga au simu kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya umri huo asiwekwe kabisa.

Hali halisi iko mbali na viwango hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliotumia takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wa nchi 146, ulionyesha kwamba mwaka 2016 asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango cha saa moja kwa siku. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 78, na kwa wasichana asilimia 85.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo hilo ni la Wazungu. Hata hivyo, utafiti uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2012, ambao uliwalinganisha vijana wa kijijini na wenzao wa mjini kwa kutumia vifaa vya kupima mwendo, ulibaini kwamba wa mjini walijongea kidogo zaidi, walikaa muda mrefu zaidi na walikuwa na mafuta mengi zaidi mwilini. Barabara ya lami na gari la shule vimeleta nafuu, lakini nafuu hiyo ina gharama yake.

Faida ya mazoezi inayojulikana zaidi ni ile ya moyo na uzito. Moyo ni msuli, na kama msuli wowote, huimarika kwa kutumiwa. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuufanya mwili uitikie vyema insulini, kichocheo kinachotengenezwa na kongosho. Ndiyo maana mtoto anayefanya mazoezi hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu atakapokuwa mtu mzima. Kwa mujibu wa WHO, mwaka 2022 zaidi ya watoto na vijana milioni 390 wa miaka mitano hadi 19 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia.

Faida isiyozungumzwa sana ni ya mifupa, nayo huenda ndiyo yenye haraka kuliko zote. Mfupa si jiwe. Ni kiungo hai ambacho hujijenga kulingana na mzigo kinaoubeba. Kila mtoto anaporuka na kutua, mfupa hupata mshtuko mdogo unaouamuru kuongeza madini. Kazi hiyo hufanyika kwa kasi kubwa zaidi wakati wa balehe, ambapo takriban robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu inayozunguka kipindi cha kurefuka haraka. Anapofika mwanzoni mwa miaka ya 20, kijana huwa amekwisha kuweka karibu akiba yake yote, na kuanzia hapo kazi inayobaki ni kuitunza isipungue.

Kwa sababu hiyo, kuruka kamba, kucheza rede na kukimbizana katika kombolela si michezo ya kupoteza muda, hasa kwa msichana, ambaye akikoma hedhi atapoteza madini ya mifupa kwa kasi. Kuogelea, pamoja na ubora wake kwa moyo na mapafu, hakuujengi mfupa kwa kiasi hicho kwa kuwa maji huubeba mwili.

Inasikitisha basi kwamba umri huohuo wa balehe ndio ambao wasichana wengi huacha michezo. Wengine huambiwa kwamba wamekua na haiwapasi kukimbia hadharani, wengine hawana sare ya michezo yenye staha, na wengine hukaa pembeni siku za hedhi kwa kukosa pedi na choo chenye maji. Hedhi yenyewe si kizuizi cha mazoezi, na baadhi ya wasichana hupata nafuu ya maumivu ya tumbo wanapojinyoosha au kutembea.

Kwa wazazi wanaohofia kwamba michezo itashusha alama, ushahidi unaelekea upande wa pili. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unaorodhesha miongoni mwa faida za mazoezi kwa umri huu kuimarika kwa ufaulu na uwezo wa kufikiri, pamoja na kupungua kwa dalili za sonona. Kumnyima mtoto mapumziko ili amalize hesabu, adhabu iliyozoeleka katika shule nyingi, ni kumwondolea kilichokuwa kimsaidie kuzimaliza.

Macho nayo yananufaika, ingawa hapa sifa ni ya mwanga wa jua kuliko ya mbio. Katika mji wa Guangzhou nchini China, watafiti waliongeza kipindi kimoja cha dakika 40 nje ya darasa kila siku katika baadhi ya shule za msingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ikilinganishwa na asilimia 39.5 ya wenzao ambao hawakuongezewa kipindi hicho.

Tatizo kubwa la miji ni nafasi. Viwanja ambavyo vijana walichezea chandimu kwa mpira wa matambara vimegeuka kuwa maduka, gereji na maegesho, na zipo shule za binafsi zilizosajiliwa katika nyumba za kuishi ambazo uwanja wake ni veranda. Mtoto akiamua kwenda kwa miguu, barabara inamtishia. Mradi wa SARSAI, ulioanzia Dar es Salaam, umeonyesha kwamba matuta, njia za waenda kwa miguu na vivuko karibu na shule hupunguza majeruhi miongoni mwa wanafunzi, na mwaka 2019 ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Serikali nayo imekuwa na historia ya kusita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule za msingi na sekondari nchini Tanzania ilisimamishwa, na ilichukua miaka kadhaa kabla ya mashindano yanayojulikana kama UMITASHUMTA na UMISSETA kurejea. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Siku moja kwa mwezi ni mwanzo mwema kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto haitoshi hata kidogo. Mashindano nayo huwafikia wenye vipaji, ilhali mtoto mnene au mzito wa miguu, ambaye angefaidika zaidi, hubaki kuwa mshangiliaji.

Kisheria, mchezo ni haki. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitambua katika ibara ya 31, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, sambamba na chakula, malazi na elimu.

Hata hivyo, mazoezi bila chakula ni mzigo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwanafunzi aliyetoka nyumbani bila uji asilazimishwe kukimbia mchakamchaka kwa nguvu sawa na aliyeshiba. Ama imani kwamba kunyanyua vitu vizito humfanya kijana awe mfupi, haina ushahidi, mradi awepo msimamizi mwenye ujuzi na uzito uwe wa kadiri.

Mtoto mwenye pumu anaweza kucheza iwapo ugonjwa umedhibitiwa, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu na uwanja badala ya kufungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwenye selimundu, ugonjwa ulio na wagonjwa wengi nchini, naye ajongee kwa kiasi, anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka na aepushwe na baridi baada ya kutoka jasho. Walimu wa michezo wajulishwe hali hizo mwanzoni mwa muhula.

Mtoto anayezimia katikati ya mazoezi, anayelalamika maumivu ya kifua, au anayeishiwa pumzi isivyo kawaida kuliko wenzake, asiambiwe kwamba ni mvivu. Hizo zaweza kuwa dalili za maradhi ya moyo, yakiwemo yanayotokana na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa, na anapaswa kupimwa hospitali kabla ya kuruhusiwa kurudi uwanjani.