'Drive slow': Kosa lililozaliwa kabla ya kanuni

MWANAFUNZI wetu akiandika 'drive slow' katika insha ya Kiingereza, aghalabu hupigiwa mstari mwekundu na kupoteza alama. Huambiwa kwamba kitenzi hufafanuliwa na kielezi, si kivumishi. Alipaswa kuandika 'slowly'. Nami ninayefundisha isimu nauliza: hili limekuwa kosa tangu lini?

Hebu turudi nyuma. Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya mwaka 1100, vivumishi vingi viligeuzwa vielezi kwa kuongezwa irabu '-e' tu. 'Heard' kilikuwa kivumishi, yaani '-gumu'. 'Hearde' kikawa kielezi. Karne zilivyosonga, irabu hiyo ilififia katika matamshi, kisha ikatoweka. Kivumishi na kielezi vikabaki kama shilingi kwa ya pili. Ndiyo maana hadi leo Mwingereza husema 'work hard' na 'run fast', wala hasutwi na mtu. Tena ole wake atakayeongeza '-ly' hapo: 'hardly work' ni karibu kutofanya kazi kabisa!

Kiambishi '-ly' nacho kilikuwapo tangu zamani, kikazidi kuenea. Hata hivyo, Shakespeare na watu wa enzi yake waliyatumia maumbo yote mawili bila wasiwasi. Mambo yalibadilika katika karne ya 18, wanasarufi walipotaka kila aina ya neno ivae sare yake. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha sarufi yake mwaka 1762 na kukemea vivumishi vinavyokalia kiti cha vielezi. Lindley Murray akachota mengi kwake katika sarufi ya 1795, iliyoenea sana shuleni. Basi Apple ilipojitangaza kwa 'Think different' mwaka 1997, waliolelewa na kanuni hizo walikereka.

Kiswahili kina njia yake. Tunasema 'dereva mzuri' lakini 'anaendesha vizuri', 'vi-' inatutosha. Tusiipimie lugha nyingine kwa pishi letu.

Je, mwalimu aache kusahihisha? La. Insha rasmi inadai 'slowly', na mtahini hana mzaha. Lakini mtoto aambiwe ukweli: umbo hilo ni la mazungumzo, halifai katika mtihani. Kumwita mjinga kwa kutumia umbo lenye umri kuliko kanuni inayomhukumu ni kumwonea, na mtoto aliyeonewa darasani huishia kunyamaza.