Maabara Isiyo na Mtu

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na kipindi cha kemia kwa vitendo, na mimi na wenzangu tulikuwa hodari wa kupika majibu. Tulijua mwalimu alitarajia jibu gani. Bureti ikitupa jingine, tuliandika lile la mwalimu na kwenda zetu kula. Nimeukumbuka mchezo huo juma hili nilipokuwa nikisoma habari za maabara ambazo hupanga majaribio, huyafanya na kuyatolea majibu zenyewe, pasipo mkono wa mtu.

Hebu kwanza turudi nyuma. Mwaka 1909 huko Karlsruhe, Ujerumani, Fritz Haber alionyesha kwamba naitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea nyingi za dukani anazonunua mkulima wa Mbeya au wa Kitale. Taabu ilikuwa moja. Kichocheo alichotumia, madini ya osmi, kilikuwa haba mno duniani. Kampuni ya BASF ikamkabidhi Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kingine. Nadharia ya kumwongoza haikuwapo. Ilibidi kujaribu tu. Mittasch akaunda mitambo midogo mingi iliyofanya kazi kwa pamoja, na hadi kufikia 1912 yeye na wasaidizi wake walikuwa wamefanya majaribio zaidi ya 6,000 kwa vitu zaidi ya 2,000.

Jibu lilitoka katika mawe ya chuma ya Gällivare, Sweden. Ajabu ni kwamba chuma safi hakikufua dafu. Mwingine angesema jaribio limeharibika, akaendelea na jingine. Wao walijiuliza kwa nini, wakagundua kuwa siri ilikuwa katika uchafu kidogo uliochanganyika na chuma kile. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi 1913.

Sasa njooni karibu na siku zetu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, wakiongozwa na Andrew Cooper, walitangaza roboti inayotembea yenyewe ndani ya maabara ya kawaida, ikipima, ikichanganya, ikisimama tu kuchaji betri. Kwa siku 8 ilifanya majaribio 688 ya kutafuta mchanganyiko unaotumia mwanga kutoa haidrojeni katika maji, ikapata ulioshinda ule wa mwanzo mara 6. Kila jibu lilimwambia roboti lipi lifuate. Wasaidizi wa Mittasch wangetamani!

Lakini kisa kilichonikalisha kitako ni cha Berkeley, Marekani. Novemba 2023 kundi la Gerbrand Ceder lilitangaza maabara ambamo mikono ya mashine huchanganya unga wa kemikali, huuingiza tanurini, hupiga eksirei kitu kilichotoka, kisha kompyuta husoma picha na kuamua kama kimepatikana kilichotafutwa. Kwa siku 17, walisema, vitu vipya 41 kati ya 58 vilivyolengwa vilipatikana.

Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton, pamoja na wenzao, wakaketi wakazisoma picha zile upya, moja baada ya nyingine. Mwaka 2024 wakachapisha hukumu yao: hakuna kitu kipya hata kimoja kilichogunduliwa. Kwa maoni yao, thuluthi mbili hivi ya vile vilivyohesabiwa kuwa ushindi vilikuwa vitu vilivyokwisha kujulikana zamani.

Mashine ilikoseaje? Fikirini basi la mkoani. Kompyuta ilitabiri basi ambalo kila abiria ameketi kwenye namba ya tikiti yake. Lililotoka tanurini lilikuwa basi lilelile, abiria walewale, ila kila mmoja amekaa alipopenda. Ukilitazama kwa mbali ni moja. Mzoefu wa eksirei huiona tofauti. Mashine iliyotumwa kutafuta basi la kwanza iliona linafanana, ikaandika limepatikana. Kwa lugha ya kidato cha tatu, iliandika jibu la mwalimu.

Ceder alikubali kwamba mtu angeweza kuzichambua picha zile vizuri zaidi, akasema lengo lilikuwa kuonyesha maabara inayojiendesha yaweza kufika wapi. Jibu hilo mimi halinitoshi, ingawa siibezi kazi yenyewe. Tanuri zilifanya kazi, na unga ulipimwa sawasawa. Shaka yangu ni juu ya daftari. Majibu ya mashine ya leo ndiyo chakula cha mashine ya kesho, ile itakayotumwa kututafutia betri bora au mbolea nafuu. Palgrave na Schoop walikuwa na vitu vichache tu vya kukagua, na hata hivyo iliwachukua muda. Maabara za namna hii zinazidi kujengwa, na zaweza kufanya kazi usiku, wakaguzi wakiwa wamelala.