Suala la Wakati katika Historia ya Uzazi kwa Upasuaji

Sheria ya kale ya Roma ilikataza kumzika mwanamke mjamzito kabla mtoto hajatolewa tumboni mwake. Kwa hiyo, kwa karne nyingi huko Ulaya, kisu kilingoja kwanza kifo cha mama.

Katika karne ya 19 waganga walithubutu zaidi kumpasua mama aliye hai, lakini mara nyingi baada ya uchungu wa siku kadhaa, nguvu zikiwa zimemwishia. Wengi walikufa. Robert Harris, mganga wa Marekani, alikusanya habari za upasuaji huo, akashikilia kwamba kuchelewa kulikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo. Ufundi nao ulikuwa na upungufu: mji wa mimba haukushonwa. Mwaka 1876 Eduardo Porro, huko Pavia, aliuondoa kabisa ili kuzuia damu. Mwaka 1882 Max Sänger, huko Leipzig, alionyesha namna ya kuushona.

Kabla ya hapo, mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji huko Kahura, katika Bunyoro, nchi ya Uganda ya leo. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikaoshea mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa misumari myembamba ya chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Siku ya 11 lilikuwa limepona, na mtoto alikuwa hai. Felkin alitangaza habari hizo mwaka 1884. Utaratibu huo wadhihirisha ujuzi uliozoeleka, uliokusudia kuwaokoa wote wawili.

Leo hatari ina pande mbili. Mtoto akitolewa kabla ya wiki 39 pasipo sababu ya tiba, huenda mapafu yake yakawa hayajakomaa, akapata shida ya kupumua. Upande wa pili, mwaka 1994 Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa namna tatu: katika kuamua, katika kufika hospitalini, na katika kuhudumiwa. Mama anayesafirishwa mbali katika njia mbovu hukutana na yote matatu. Kwake yeye, onyo la Harris lingali na nguvu: kisu kinachochelewa hakiokoi.