Deni la Maji ya Uluguru

Maji yanayonywewa na wakazi wa Dar es Salaam hutoka kwa sehemu kubwa katika Mto Ruvu, na Ruvu nao hupata nguvu zake katika Milima ya Uluguru, iliyosimama kusini mwa mji wa Morogoro, ambayo vilele vyake vya juu vinazidi mita 2,600, na ambayo huzikinga pepo zivumazo kutoka Bahari ya Hindi na kuzilazimisha ziteremshe mvua juu ya misitu na mashamba ya upande wa mashariki. Ndiyo maana tangu kale sharafu ya juu kabisa katika nchi ile ilikuwa ya mwenye kuomba mvua, yule ajulikanaye kwa jina la urithi la Kingalu, mwenye makao yake Kinole. Na watu walimwendea kwa taadhima, maana maji kwao yalikuwa amana kabla ya kuwa mali.

Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume aliyeoa hulima mara nyingi katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na mwingine huazima shamba kwa wenye nalo na kuwapa kitu kidogo kila msimu kuwa ni ishara ya kuutambua umiliki wao. Mwazimaji hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu, kwa kuwa mti ni dai: aupandaye huhesabiwa kuwa ametia mizizi yake mwenyewe katika ardhi ya wenziwe. Asiyelijua jambo hili hawezi kufahamu kwa nini kila aliyekuja Uluguru na amri ya kuhifadhi udongo alionekana kana kwamba amekuja kunyang'anya.

Wadachi walitangulia kwa kuyatenga maeneo ya juu kuwa misitu ya serikali, na Waingereza wakaurithi mpaka huo. Kwa hiyo wakulima, ambao idadi yao iliongezeka, wakabakia kulima miteremko iliyo chini ya msitu, mikali kiasi kwamba mvua moja kubwa huweza kuondoka na udongo uliofanyizwa kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaleta mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na shina lake likawa kuwashurutisha watu wakate matuta ya ngazi katika mashamba yao, kwa kazi isiyo na ujira, na kwa adhabu kwa mwenye kukaidi. Nia ya kuzuia mmomonyoko ilikuwa njema, ila elimu ilipungua; maana katika upande wa Matombo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, na kukata ngazi kulifukua udongo mfu wa chini na kuufunika ule uliokuwa ukizaa, hata mkulima akalitoa jasho lake na kuvuna kidogo kuliko awali. Kule Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko mjini, matuta yalipata wapenzi, kwa kuwa aliyeyachimba aliona faida mkononi mwake. Kwa rai yangu tofauti hii inaeleza mambo mengi kuliko ripoti zote za mabwana shamba.

Mwezi wa Julai 1955 ghadhabu ikafurika. Watu wakakusanyika Matombo kuyakataa matuta, askari wakapiga risasi, na mtu mmoja akafariki. Mpango ukaachwa, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata masikio mengi katika milima ile. Hasara iliyobaki haikuwa ya udongo peke yake, kwa maana kwa miaka mingi baadaye neno la hifadhi lilipotajwa kwa mkulima wa Matombo, lilikuja likiambatana na kumbukumbu ya bunduki.

Wakati huo jiji lilikuwa likikua. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976, na kila tope lililoteremka Uluguru likawa gharama ya dawa na ya kusafisha kwa watu walio mbali. Hapo ndipo fikra mpya ilipozaliwa: yule anayefaidika na maji safi bondeni na amlipe yule anayeyasafisha juu. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliiendeleza fikra hii katika kata ya Kibungo Juu, na wanunuzi wa huduma wakawa DAWASCO, iliyosambaza maji jijini, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima waliokubali kwa hiari waliweka mikataba, wakachimba makinga maji ya fanya juu na fanya chini, wakapanda miti na kuacha majani yafunike udongo, nao wakalipwa kwa kadiri ya eneo walilolihifadhi.

Hakuna aliyeshurutishwa, na hili ndilo la kwanza kusifiwa. La pili ni kwamba malipo yalikuwa ni ujira wa kazi yenye manufaa kwa wengine, wala si sadaka kwa maskini. Lakini haki inatutaka tuseme pia kuwa sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, ilhali wanywaji wa maji wenyewe walichangia kidogo, na mikono ya wafadhili, kama ijulikanavyo, haikai wazi daima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru hifadhi ndani ya mita 60 kutoka kandoni mwa mto, jambo ambalo ni haki. Lakini kwa mwenye shamba dogo mteremkoni mita 60 ni chakula cha watoto wake, na katazo bila fidia ni jamaa ya karibu na matuta ya 1955.

Basi, ndugu msomaji wa Dar es Salaam, unapolipa ankara yako ya maji, watake wanaoitoza watenge humo fungu la kudumu, lililoandikwa waziwazi, la mkulima wa Kibungo na wenzake wa Matombo na Kinole. Wala msiwaachie wageni kulilipa deni lililo lenu.