Usharika Unaoimba: Muziki Katika Ibada Zetu

Wenzangu katika kitabu hiki wameandika habari za kiwanja, majengo na wachungaji waliotangulia. Mimi nimepewa habari za uimbaji, nami sina budi kuanzia nyuma kidogo, kwa kuwa watu wa usharika huu waliimba kabla hawajawa na paa la kuimbia.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, huko Machame. Walikuja na urithi wa Martin Luther. Kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Matengenezo ya Kanisa, kilichotolewa mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo 8 tu, na 4 kati ya hizo zilitungwa na Luther mwenyewe. Nia yake ilikuwa wimbo urudi kinywani mwa watu wote, katika lugha yao, usiwe kazi ya makasisi na waimbaji maalumu peke yao. Kwa nia hiyo hiyo wamisionari walitafsiri nyimbo zao za Kijerumani katika Kichagga, kila upande wa mlima kwa lahaja yake.

Faida yake ilionekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Waingereza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920. Kazi ilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika. Ni katika miaka hiyo ya 1920 kundi letu lilipoanza kukutana. Vitabu vilikuwa haba, na wasomaji walikuwa wachache kuliko vitabu. Mwalimu alitamka mstari, watu wakaurudia, mpaka wimbo mzima ukakaa moyoni. Asiyeweza kusoma Katekisimu aliibeba katika nyimbo hizo. Tukiulizwa ni nini kilichoshikilia imani ya wazee wetu wakati ule, nadhani jibu ni hilo.

Tarumbeta nazo zilitujia kwa njia ya Wajerumani, lakini sidhani kama kuna Mlutheri wa mlimani leo anayeziona kuwa ngeni. Hutuamsha alfajiri ya Pasaka na hutusindikiza tunapowazika wapendwa wetu migombani.

Hata hivyo nyimbo zilizotafsiriwa zilikuwa na tatizo ambalo wengi tulilisikia bila kulijua jina. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mistari mingi ya nyimbo za Kijerumani humalizikia kwenye pigo zito, kwa hiyo neno kama “upendo” likaimbwa kana kwamba mkazo wake uko kwenye “ndo”. Kwa Kichagga hali ilikuwa ngumu zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno, na sauti haiwezi kufuata neno na mahadhi ya Ulaya kwa wakati mmoja. Wazee wetu waliimba hivyo hivyo, wakaelewa kwa sababu walikwisha kufundishwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Theolojia Makumira katika miaka ya 1980, nilikuta matunda ya kazi iliyoanza miaka ya 1960. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha pale, aliwahimiza wanafunzi watunge nyimbo kwa mahadhi ya kwao, nazo zikakusanywa katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, “Mfurahini, Haleluya”, kwa mahadhi ya Kihaya. Wimbo huo umetafsiriwa kwa Kijerumani na umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, namba 116. Waliotupa nyimbo zao sasa huimba wa kwetu asubuhi ya Ufufuo.

Lakini kupokea ngoma kanisani hakukuwa jambo jepesi, na vijana wanaowacheka wazee kwa hilo hawawatendei haki. Kwa aliyebatizwa akiwa mtu mzima, ngoma ilikuwa sauti ya maisha aliyoyaacha, tena kwa gharama, pengine kwa kutengwa na ndugu zake. Aliyoyatoka kwa machozi asingeweza kuyakaribisha madhabahuni kwa sababu tu mchungaji kijana amerudi kutoka chuoni. Kwetu ngoma iliingia polepole, ikianzia kwa watoto wa shule ya Jumapili, ambao hakuna mzee aliyekuwa na moyo wa kuwanyamazisha.

Kisha zikaja kwaya nyingi, vinanda vya umeme na vipaza sauti. Namshukuru Mungu kwa kwaya zetu na kwa walimu wake, ambao hufundisha sauti nne kwa nota za do-re-mi bila malipo. Ila ni lazima nikiri kosa langu. Ili kila kwaya ipate nafasi yake, kwa miaka mingi nilitangaza ubeti wa kwanza na wa mwisho tu wa wimbo wa usharika. Kidogo kidogo watu wakazoea kuketi na kusikiliza. Urithi ule wa mwaka 1524 niliupunguza mimi mwenyewe, kwa saa ya mkononi.

Nilitambua hilo Jumapili moja umeme ulipokatika katikati ya wimbo wa matoleo. Kinanda kilinyamaza, na usharika ukanyamaza nacho. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma, alipoanza ubeti uliofuata kutoka benchi lake, kwa sauti iliyotetemeka. Wazee wenzake wakamwitikia, kisha wengine. Aliimbisha beti zote, hata zile ambazo sikuwahi kuzitangaza. Juma lililofuata nililiomba Baraza la Wazee turudishe wimbo mzima katika kila ibada, nalo likakubali, ingawa ibada imekuwa ndefu kidogo.