Kiolezo, mshono na mtindo: maneno ya biashara ya violezo na mafunzo ya ushonaji

Ushonaji una msamiati mpana katika Kiswahili, lakini sehemu kubwa ya msamiati huo ilikulia katika mazungumzo ya fundi na mwanagenzi wake, kitambaa kikiwa mezani mbele yao. Palipokosekana neno, mkono ulionyesha. Biashara ya kuuza violezo vya karatasi huiondoa faida hiyo. Mnunuzi hubaki peke yake na karatasi ya maelekezo, na aliyeiandika hayupo kumsahihisha. Neno moja lenye maana mbili latosha kuharibu kazi nzima, na kitambaa kilichokwisha kukatwa ni kama maji yaliyomwagika: hayazoleki.

Makala haya yanafafanua maneno ambayo aghalabu huchanganywa katika maelekezo ya ushonaji, katika matangazo ya mafunzo na katika tafsiri za kazi za namna hiyo.

Kiolezo

Nomino ya ngeli ya KI-VI, kutokana na kitenzi oleza, yaani kufanya kitu kwa kufuatisha mfano wa kingine. Katika ushonaji, kiolezo ni kipande cha karatasi, au seti ya vipande, kilichokatwa kwa vipimo vya sehemu za nguo ili fundi akiweke juu ya kitambaa na kukata kwa kukifuata. Violezo vya karatasi vyenye saizi mbalimbali vilipata soko kubwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1863, Ebenezer Butterick, fundi cherehani wa Massachusetts, alipoanza kuviuza. Nchini Ujerumani, Aenne Burda alianzisha mwaka 1950 jarida la mitindo ambalo lilipata umaarufu kwa violezo vilivyotolewa pamoja nalo.

Kiolezo kitofautishwe na maneno haya:

Ruwaza ni mpangilio unaojirudia. Hutumika sana katika isimu na hisabati (ruwaza ya sauti, ruwaza ya namba). Kuiita karatasi ya fundi ruwaza si kosa la maana, ila fundi mwenyewe hatalitambua neno hilo kwa urahisi.

Nakshi ni mapambo yaliyochorwa, kuchongwa au kudariziwa. Kitambaa chenye maua kina nakshi, hakina kiolezo.

Mtindo ni namna nguo inavyoonekana ikivaliwa: kola ya aina gani, mikono mirefu au mifupi, marinda au hapana. Mtindo mmoja waweza kutolewa kwa violezo vya saizi kumi.

Patani ni neno la mkopo linalosikika kwa mafundi. Linafaa katika mazungumzo ya darasani. Katika maandishi rasmi kiolezo hutangulizwa.

Mshono

Nomino ya ngeli ya U-I. Maana ya msingi ni mstari wa uzi unaounganisha vipande viwili vya kitambaa: Mshono wa bega umefumuka. Nchini Tanzania, hususan katika wingi, neno hili limechukua pia maana ya mtindo wa nguo: Ameniletea picha za mishono mipya ya vitenge. Matumizi haya yameenea kiasi kwamba hayawezi kuitwa makosa, lakini yana athari katika biashara. Mtu akitangaza Tunauza mishono, msomaji ataelewa kwamba zinauzwa picha za kumwonyesha fundi, au nguo zilizokwisha kushonwa. Hatadhani kwamba atapata karatasi za kukatia. Mwenye kuuza karatasi hizo aandike Tunauza violezo, na mshono aliache libebe maana yake ya kwanza ndani ya maelekezo.

Nafasi ya mshono, upindo na pindo

Hapa ndipo kitambaa kinapopotea zaidi. Nafasi ya mshono ni sehemu ya kitambaa inayobaki kati ya mstari wa kushonea na ukingo uliokatwa. Upindo ni sehemu inayokunjwa na kushonwa mwishoni mwa nguo, kama vile chini ya gauni au mwishoni mwa mkono. Wafasiri wengi huandika upindo kwa vyote viwili, na msomaji hulazimika kukisia.

Hasara yake hupimika. Tuseme gauni lina mishono miwili ya ubavuni. Kila mshono unaunganisha kingo mbili, kwa hiyo kingo ni nne. Ikiwa nafasi ya mshono ni sentimita 1.5, kingo hizo nne zinachukua sentimita 6 za mzunguko wa kifua. Mnunuzi akidhani kwamba nafasi hiyo imo ndani ya kiolezo, kumbe haimo, gauni litambana kwa sentimita 6. Akiiongeza ilhali imo tayari, litampwaya kwa kiasi hicho hicho. Violezo vingi vya kampuni za Marekani huwa na nafasi ya mshono ndani yake. Vile vya majarida ya Ulaya mara nyingi havina. Mfasiri asiyelitambua hilo hawezi kuiokoa kazi kwa ufasaha wa lugha peke yake. Kila kiolezo kibebe mojawapo ya sentensi hizi mbili:

Nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 imo ndani ya kiolezo, usiongeze.
Kiolezo hakina nafasi ya mshono. Ongeza sentimita 1.5 kuzunguka kila kipande kabla ya kukata.

Tanbihi ya sarufi: wingi wa upindo ni pindo, na umbo hilo hilo hutumika katika umoja kwa maana ya ukanda wa nakshi unaozunguka kanga, tofauti na mji, ambao ni sehemu ya katikati. Agizo Kata pindo kwa uangalifu, likihusu kanga, halieleweki bila ufafanuzi. Ni heri kuandika ukanda wa pembeni wa kanga au upindo wa chini wa gauni, kadiri itakiwavyo.

Mkunjo, mtande na mshazari

Violezo vingi huonyesha nusu tu ya kipande cha mbele au cha nyuma. Kitambaa hukunjwa mara mbili, ukingo mmoja wa kiolezo ukawekwa juu ya mkunjo, na kikifunguliwa kipande hutoka kizima. Agizo linalotafsiriwa kuwa Kata kwenye mkunjo ni hatari: mwanafunzi mtiifu hukata mkunjo wenyewe na kubaki na nusu mbili. Tafsiri salama ni Weka ukingo huu juu ya mkunjo wa kitambaa. Usikate upande huu.

Mshale uliochorwa juu ya kiolezo huonyesha uelekeo wa nyuzi. Wafumaji wana maneno mahususi hapa: mtande ni nyuzi zinazotandazwa kwa urefu, na mshindio ni zile zinazopitishwa kwa upana. Mshale hufuata mtande, yaani huwa sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa. Kitambaa kinachokatwa kwa kukingama nyuzi zote mbili hukatwa mshazari. Hunyumbulika zaidi na hulala vizuri mwilini. Maneno mtande na mshindio hayajulikani kwa kila mwanafunzi, hivyo yafafanuliwe mara ya kwanza yanapotumika, kisha yaendelee kutumika.

Uso wa kitambaa

Kitambaa kina upande unaokusudiwa kuonekana na upande wa kufichwa. Kiingereza huuita ule wa kwanza kwa neno ambalo pia lina maana ya mkono wa kulia, na kutokana na hilo zimezaliwa tafsiri kama Weka pande za kulia pamoja. Mwanafunzi hutafuta kulia kwa kitambaa asikuone. Kiswahili kina njia iliyonyooka: uso na nyuma ya kitambaa, au upande wa nje na upande wa ndani. Weka vipande viwili uso kwa uso ni agizo fupi na lisilo na utata.

Shona, shonea, shonwa, shonesha

Shona ni kuunganisha kwa uzi na sindano. Shonea ni kushona kwa ajili ya mtu, au kwa kutumia chombo: Amemshonea bintiye sare, Uzi huu ni wa kushonea ngozi. Shonesha ni kumfanya mtu mwingine ashone, na ndilo neno la mteja: Nimeshonesha gauni kwa fundi wa sokoni.

Katika mazungumzo, mteja husema Nimeshona gauni ingawa hakugusa sindano, na wasikilizaji humwelewa. Katika tangazo, ulegevu huo huleta watu wasiotarajiwa. Njoo ushone gauni la sikukuu laweza kumleta mteja mwenye kitambaa anayetaka ashonewe, na laweza kumleta mwanafunzi anayetaka kujifunza. Anayefundisha aandike Njoo ujifunze kushona. Anayepokea kazi aandike Tunashona nguo za wateja.

Kinyume cha shona ni shonoa. Fumua hutumika pia kwa maana hiyo. Kushona kwa muda, kwa hatua ndefu zinazokusudiwa kuondolewa baadaye, ni kupiga bandi. Neno hilo lisiachwe kufa, kwa kuwa linasema kwa silabi chache jambo ambalo tafsiri nyingi hulieleza kwa sentensi nzima.

Sehemu za nguo na urithi wa kanzu

Yapo madai kwamba Kiswahili hakina maneno ya vipande vya kiolezo. Mafundi wa kanzu wa pwani wanayakanusha. Badani ni kipande kikuu cha mwili wa kanzu, cha mbele na cha nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni. Kikwapa ni kipande kidogo kinachotiwa chini ya kwapa ili mkono uweze kuinuka bila kubana. Kaba ni kitambaa kinachoimarisha shingo kwa ndani, na sijafu ni upindo wa mwisho wa mkono. Bitana, kitambaa cha ndani cha koti, ni neno la jamii hiyo hiyo.

Maneno haya yanaweza kuvuka kutoka kanzu hadi nguo nyingine. Badani ya mbele ni fupi kuliko kipande cha mbele cha sehemu ya juu ya gauni. Hata hivyo, mwalimu asitwishe darasa la siku ya kwanza maneno matano mageni. Yafundishwe pamoja na kipande chenyewe, kila neno likiandikwa juu ya karatasi yake.

Watu wa darasani

Fundi ni mwenye ujuzi wa kazi ya mikono. Fundi cherehani ni yule wa kushona. Si kila fundi ni mwalimu. Mkufunzi ni anayetoa mafunzo ya kazi, na mkurufunzi ni anayeyapokea. Silabi moja huwatenganisha, na tangazo lenye kosa la silabi hiyo huonekana kutafuta wanafunzi badala ya walimu, au kinyume chake. Mwanagenzi ni anayejifunza kwa kufanya kazi chini ya fundi. Mwanafunzi wa darasa la Jumamosi anayelipia masomo yake si mwanagenzi.

Bei, ujira, ada na arubuni

Mtu mmoja anayeuza violezo, kushona na kufundisha hupokea malipo ya aina tatu. Kiolezo kina bei, kwa kuwa ni bidhaa. Kushona kuna ujira, kwa kuwa ni kazi. Mafunzo yana ada. Nchini Kenya karo husikika zaidi. Fedha inayotangulizwa ili kuthibitisha agizo ni arubuni, si rehani: rehani ni mali inayowekwa kuwa dhamana ya deni. Risiti inayotaja rehani mahali pa arubuni yaweza kuzua ugomvi juu ya kitu kinachodaiwa kurudishwa.

Nafsi na hali katika maelekezo

Karatasi husomwa na mtu mmoja, kwa hiyo kitenzi kiwe katika umoja: pima, kata, usikate. Darasani mwalimu husema pimeni, kateni, msikate. Kuchanganya nafsi hizi katika ukurasa mmoja humfanya msomaji adhani kwamba kuna hatua zinazomhusu mtu mwingine. Kila sentensi ibebe tendo moja, na onyo litangulie tendo badala ya kulifuata, maana mkasi haungoji sentensi ya pili.

Mfano wa maelekezo

1. Chapisha kurasa zote bila kupunguza wala kukuza. Pima mraba wa majaribio: kila upande uwe sentimita 10. Ukipata 9.5, usiendelee, kifua cha sentimita 90 kitakuwa 85.5.
2. Kiolezo hakina nafasi ya mshono. Ongeza sentimita 1.5 kuzunguka kila kipande, isipokuwa ukingo wa mkunjo.
3. Kunja kitambaa uso kwa uso. Mshale wa kiolezo uwe sambamba na ukingo wa kiwandani.
4. Weka ukingo wa katikati wa badani ya mbele juu ya mkunjo. Usikate upande huo. Kata pande nyingine.
5. Weka badani ya mbele na ya nyuma uso kwa uso. Piga bandi mabegani na ubavuni.
6. Jaribu nguo mwilini. Ikikaa sawa, shona kwa cherehani, kisha ondoa bandi.