Kula, Kuliwa na Nusura: Kwa Nini Hasara Haimwondoi Mcheza Kamari

Wacheza kamari wa Tanzania wana vitenzi viwili. Aliyeshinda amekula, aliyeshindwa ameliwa. Anayeliwa Kasulu mjini au Kibondo hahitaji kusafiri hadi kasino za Dar es Salaam zenye mazulia na viyoyozi. Kasino imemfuata yeye, kwanza kwa sanduku linalomeza sarafu, kisha kwa simu iliyo mfukoni mwake, ambamo pesa na mchezo vinakaa mahali pamoja. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka yote hayo chini ya Bodi moja, ikaipiga marufuku michezo hiyo kwa walio chini ya miaka 18.

Kwa nini basi mtu anaendelea ilhali anaona anavyoliwa? Mimbarini wanajibu: tamaa. Kwenye warsha wanajibu: umaskini. Majibu yote mawili yanaeleza namna mtu anavyoingia mlangoni. Hayaelezi kwa nini hatoki. Wala ujinga wa hesabu hautoshi. Mwandishi wa Urusi Dostoevsky aliielewa kamari kiasi cha kuiandikia riwaya nzima kwa siku 26 mwaka 1866, naye akaendelea kucheza kwa miaka mingine kadhaa. Hoja yangu ni kwamba swali lenyewe limepinduliwa. Tunadhani hasara ni ukuta ambao mraibu anaupanda kila siku kwa ukaidi. Hasara, ikipangwa kwa ustadi, ndiyo kamba inayomfunga.

Tuanze na mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa inayolipa zikitimia zote, kwa kuwa ndio unaojulikana zaidi. Kijana anachagua mechi kumi, na katika kila mechi anaipa nguvu timu yenye nafasi ya kushinda ya 70 kati ya 100. Anajiona mtu makini, maana hakuchagua timu dhaifu hata moja. Lakini nafasi ya zote kumi kushinda kwa pamoja haifiki 3 kati ya 100. Nafasi ya tisa kushinda na moja tu kumwangusha ni takriban 12 kati ya 100. Yaani kwa kila mkeka mmoja unaokula, zaidi ya minne inachanwa na timu moja. Jumatatu kijiweni hutamsikia akisema alikosea. Utamsikia akiilaani timu moja, mara nyingi kwa jina la kipa. Kiswahili kina neno zuri kwa hali hii: nusura. Nusura nile. Mwaka 2009 mtafiti Luke Clark na wenzake walionyesha kwamba nusura ya kwenye mashine huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamshwa na ushindi, na humwongezea mtu hamu ya kucheza, ingawa mwenyewe anakiri haikumfurahisha. Ubongo unaisoma nusura kama dalili ya kukaribia. Katika kulenga shabaha au kujifunza baiskeli ni kweli, aliyekosa kidogo amekaribia. Katika kamari hajakaribia kitu.

Watengenezaji wa mashine hawakuiachia bahati kazi hiyo. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipewa hataza Marekani kwa mfumo ambao kompyuta, si magurudumu yanayoonekana, ndiyo inayoamua picha ipi isimame. Tangu hapo jicho la mchezaji na hesabu ya mashine havikulazimika kukubaliana tena: picha ya zawadi kubwa ingeweza kupita juu au chini ya mstari wa ushindi mara nyingi kuliko inavyotua juu yake.

Kisha kuna kasi, na hapa nyanda za juu za Kigoma zina la kutufundisha. Mkulima wa Kasulu au Kibondo naye anacheza na bahati. Mvua inaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei. Maharage yanachukua miezi mitatu hivi, na bei anaikuta sokoni, haipangi yeye. Kushindwa anakujua. Lakini shamba likimnyima leo, hawezi kupanda tena baada ya sekunde sita. Mashine inamruhusu. Tuseme inarudisha 90 katika kila 100, na mtu anaingia na shilingi 5,000, akicheza 200 kila mara, mara kumi kwa dakika. Kwa wastani kila mzunguko unamla shilingi 20 tu, kiasi ambacho hakuna anayekililia. Kwa wastani huohuo, baada ya dakika 25 hana kitu. Hakuliwa 5,000 mara moja. Aliliwa vijishilingi mara 250, na katikati alikula mara kadhaa, sarafu zikalia. Malipo yasiyotabirika, kama mwanasaikolojia Skinner alivyoonyesha kwa njiwa wake, hujenga mazoea magumu kuvunjika kuliko malipo ya kila mara.

Sasa mchukue dereva wa bodaboda ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki. Ameliwa 3,000 kutoka kwenye hela ya hesabu. Kabla ya hapo alikuwa akicheza ili apate. Sasa anacheza ili arudishe. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu aliyekwisha kuwa upande wa hasara hupenda kubahatisha kuliko kukubali hasara ya hakika. Kwa dereva huyu hasara ya hakika ina sura: ni uso wa tajiri wake saa moja jioni. Na kati ya njia zote za kupata 3,000 kabla ya saa hiyo, iliyo karibu zaidi ni ileile iliyomla.

Ni kweli kwamba wengi wanabeti wakati wa ligi, wanaacha, na maisha yanaendelea. Hilo halimfanyi anayebaki kuwa mwenye tabia mbovu. Serikali ilipoanzisha tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini Muhimbili mwaka 2011, ilikwisha kukubali kwamba uraibu una tiba, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu kamari miongoni mwa uraibu. Ugumu ni kwamba Bodi inayosimamia michezo hii iko chini ya Wizara ya Fedha, ambayo kwa haki yake inahesabu mapato.

Kama kasi na nusura ndizo zinazofunga, hizo ndizo za kuguswa kwanza, kabla ya mahubiri. Mwaka 2021 Uingereza ilizuia mashine za mtandaoni kuzunguka kwa chini ya sekunde 2.5. Hapa kwetu ningeanza na jambo dogo zaidi: mkeka wa mechi kumi kama ule wa juu, kabla kijana wa Kibondo hajabonyeza kulipa, umwonyeshe kwa tarakimu kubwa kama zile za ushindi, nafasi yake ya kula: chini ya 3 kati ya 100.